Nyumba isiyoliwa na mchwa: nilivyosiriba kwa mchanga wa mgodi wa dhahabu uliotelekezwa, Mpanda

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wengine marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kidogo. Nilifunguliwa ID humu ili nisome habari za kilimo, nikaishia kusoma ugomvi wenu wa ndoa. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya miaka mitatu, sijawahi kukomenti hata mara moja.

Kwenye nyuzi za namna hii naona mtu anaanza kwa kuapa kwamba anasema kweli. Mimi sitaapa.

Niliwahi kuapa mara moja maishani, mbele ya ukoo wa mume wangu. Uzi huu ni kwa sababu ya kiapo kile.

Kilichonisukuma kuandika ni picha. Kijana mmoja wa ukoo wa mume wangu, ananiita bibi, anajenga pembezoni mwa mji, upande wa Misunkumilo. Juzi akanitumia picha ya chumba kwenye WhatsApp. Kuta za kijivu, laini, unaweza kudhani zimepigwa pasi. Chini akaandika: "Bibi, huu mchanga wa mgodi wa zamani, mchwa hawaugusi kabisa."

Niliiangalia ile picha mpaka maharage yakaungua jikoni.

Maneno yale yalikuwa ya kwangu. Nilishayasema mimi kabla mama yake hajazaliwa.

Sasa tuanze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Usevya, kwenye mpunga. Niliolewa miaka ya sabini na Sebastiani, mtu wa maeneo ya Mpanda, ukoo wa wakulima wa mahindi, Wakatoliki wa kwenda kanisani hata mvua ikinyesha. Nilikuwa binti mdogo tu, ila nilikuja na ujuzi mmoja ambao mama mkwe aliupenda tangu siku ya kwanza.

Nilijua kusiriba nyumba.

Msinicheke. Siku hizo nyumba ilikuwa miti na udongo, na mwanamke alipimwa kwa ukuta wake. Unakandika kwanza, ukuta unakauka, unapasuka, halafu unasiriba kwa udongo laini kwa kiganja. Mimi nilikuwa namalizia kwa vidole, nachora mawimbi kutoka chini hadi juu. Watu walikuwa wakipita wanasimama kuangalia.

Haukupita muda mrefu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sina ubishi na siasa za wakati ule, wapo humu watakaonirukia, mimi nasimulia tu nilichokiona. Lori lilikuja, tukapakia vyungu, kuku, na miti ya paa iliyokuwa bado mizima. Tukashushwa mahali palipokuwa na mgodi wa dhahabu wa wazungu.

Mgodi ulikuwa umefungwa zamani, kabla ya uhuru. Nadhani walipachagua kwa sababu kulikuwa na barabara ya mgodi na eneo lilishafyekwa.

Niwaeleze pale palivyokuwa, maana kuna watu wakisikia mgodi wanawaza magari makubwa.

Kulikuwa na mashimo matatu yanayokwenda chini moja kwa moja, hayakufunikwa, hayakuzungushiwa hata kamba. Kulikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, mahali pa mashine. Kulikuwa na bwawa, maji yake maangavu, unaona mawe chini. Hapakuwa na chura hata mmoja. Masika kila kidimbwi cha Katavi kinapiga kelele za vyura, lile bwawa lilikuwa kimya. Kutoka kwenye bwawa kulikuwa na kijito chembamba, kingo zake nyekundu za kutu.

Na kulikuwa na kilima cha mchanga. Kirefu kuliko nyumba, kijivu, mchanga laini kama unga wa muhogo. Juu yake halikuota jani. Porini kote majani yanakufika kiunoni, pale peupe.

Historia yake tuliipata kwa mtu mmoja, Mzee Lazaro. Alikuwa kibarua wa mgodi tangu kijana, kampuni ilipoondoka yeye akabaki anaishi kwenye kibanda karibu na yale mashimo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kikombe cha chai alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Hakuwa na mke wala mtoto.

Alituambia vibarua walitoka Ufipa, Unyamwezi, mpaka Urundi. Mawe yalivutwa kutoka chini kwa ndoo, yakapondwa kwenye kinu mpaka yakawa unga. Ule unga ulipitishwa na maji juu ya bamba zilizopakwa zebaki, dhahabu ikanasa, unga uliobaki ukamwagwa nje. Huo unga uliomwagwa miaka yote ndio kilima.

Dhahabu ilipopungua wazungu waliondoka. Walifungua mashine, wakang'oa bati za nyumba zao, wakang'oa mpaka misumari. Mzee Lazaro alisema hilo la misumari kila alipozungumza, lilimuuma. Walichukua kila walichokitaka, wasichokitaka wakatuachia sisi.

Basi tukajenga. Tulijenga haraka haraka, mvua ilikuwa inakaribia, tukakata miti yoyote iliyokuwa karibu.

Mchwa wakatuvamia.

Wakuu, kama hujaishi kwenye pori lililofyekwa juzi hujui mchwa. Tulikuwa tunalala tunasikia wanavyotafuna ndani ya ukuta. Nguzo unaisukuma kwa kidole, inaingia. Masika ya kwanza nyumba ya jirani yetu ililala chini yenyewe. Kihenge chetu cha mahindi kililiwa kuanzia chini, tulipofungua tukakuta maganda na udongo. Mwaka ule tulikula mizizi.

Mama mkwe alilia. Alisema heri wangetuacha kule tulikokuwa.

Ndipo mimi nikajifanya mwerevu.

Nilikuwa nakwenda kuni kupitia kile kilima. Nikaona gogo limelala, nusu kwenye udongo wa kawaida, nusu kwenye mchanga wa mgodi. Nusu ya kwanza ilikuwa imeliwa yote. Nusu ya pili ilikuwa nzima, ngumu, utafikiri imekatwa jana.

Nikachota ungo mmoja, nikachanganya na udongo mfinyanzi kidogo, nikasiriba kihenge. Nikasubiri mwezi. Mchwa walipanda mpaka pale siriba ilipoanzia, wakarudi. Wakajaribu upande mwingine, wakarudi.

Mzee Lazaro alinikuta nachota tena. Akaniambia, "Mama, pale hata nyasi hazioti."

Nikamjibu, "Ndiyo maana nautaka, baba."

Akacheka, nami nikacheka. Sijui kama alikuwa ananionya au anapiga soga tu. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote.

Nikasiriba nyumba yote. Ndani, nje, sakafu, na kitanda cha udongo cha chumba cha wageni. Mchanga ule ulikuwa mzuri mkononi, unateleza. Nikachora mawimbi yangu kwa vidole. Wanawake wa kijiji wakaja kuangalia, nikawaonyesha vipimo, mchanga ungo tatu na mfinyanzi ungo mmoja. Balozi wetu wa nyumba kumi akanisifu kwenye mkutano. Binti mdogo wa Usevya nasifiwa mbele ya wanaume, jamani, nilivimba kichwa.

Sasa aje wifi yangu.

Aliitwa Restuta, dada mdogo wa mume wangu. Alikuwa ameolewa mbali kidogo, upande wa kwenda Mishamo. Alikuwa mcheshi, akicheka anashika tumbo. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa desturi yetu mimba ya kwanza unarudi kujifungulia kwa mama yako. Akaja ikiwa na miezi kama minne hivi. Tukampa chumba cha wageni, kipya, safi, kilichosiribwa na mimi.

Akina mama mliomo humu mnajua ninachotaka kusema. Wanaume niwaeleze.

Mwanamke mwenye mimba anatamani udongo. Siku hizi mnauziwa sokoni umechomwa na kufungwa vizuri. Enzi zetu ulimega kwenye kichuguu au ulibandua ukutani kwako, hasa mvua ya kwanza ikinyesha na ukuta ukatoa ile harufu. Ilikuwa kawaida, hakuna aliyekukataza. Nyumba yenye mjamzito ilijulikana kwa kishimo ukutani karibu na mahali anapolaza kichwa.

Vichuguu karibu na nyumba yetu havikuwepo. Mchwa tulishawafukuza, na mimi ndiye niliyewafukuza.

Baada ya wiki chache nikakiona kishimo. Usawa wa mto wake, saizi ya yai. Nikamtania, wifi unakula nyumba yetu, utatuachia miti mitupu.

Akacheka ameshika tumbo. Akasema, "Wa kwako mtamu, wifi. Una chumvi chumvi."

Nikafurahi. Kweli kabisa nilifurahi.

Na kila kishimo kilipokuwa kikubwa, nilikwenda kilimani, nikachota, nikakanda, nikakijaza upya. Nilikuwa nataka akute ukuta mzuri. Nilikijaza mara nyingi, sikuhesabu.

Akaanza kutapika. Tukasema mimba. Akaanza kuharisha, tukasema maji ya kijiji kipya. Halafu nyayo zikawa zinamuwaka moto, anakaa ametumbukiza miguu kwenye beseni. Viganja vikawa vigumu, vikatoka vipele vidogo kama punje za ulezi. Ngozi ya shingoni ikapata madoa, mengine meusi, mengine meupe. Hapo hakuna aliyesema mimba tena.

Sebastiani alimpakia kwenye baiskeli, akamsukuma mpaka mjini. Akalazwa. Mimi nilikwenda naye kumuuguza, nikawa napika uji nje ya wodi.

Siku ya tano akaacha kutapika. Wiki ya pili akawa anakula ugali, anawatania wauguzi, anacheka ameshika tumbo. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, akanishikisha. Tukamshukuru Mungu.

Tukamrudisha nyumbani, kwenye kile chumba.

Nilikuwa nimekisiriba upya kwa ajili ya kumpokea.

Haukuisha mwezi akawa hawezi kusimama. Mtoto alizaliwa hana pumzi, wa kiume, mkamilifu, na kucha zake. Restuta alikaa siku tatu. Siku ya mwisho aliniomba nimkwangulie kidogo ukutani, mkono wake haufiki.

Nilimkwangulia. Nilimwekea mdomoni kwa vidole vyangu hivi ninavyoandikia.

Hapa nilisimama kuandika kwa siku mbili, wakuu. Sasa naendelea.

Baada ya msiba watu wakaanza kujumlisha. Mjini alipona, nyumbani akaugua. Alipona, akarudi, akaugua tena. Maana yake anayemuua yuko humu nyumbani. Na humu nyumbani wote ni damu yake isipokuwa mtu mmoja, anayepika, anayelala ukuta wa pili, aliyetoka kwingine.

Siwalaumu. Hesabu yao ilikuwa sawa.

Mama mkwe ndiye aliyelitamka. Hakupiga kelele, aliniuliza tu mbele ya ukoo wote, balozi akiwepo, mwanangu nilikukosea nini mpaka ukanichukulia binti. Sebastiani alikaa anaangalia chini. Hilo nalo liliniuma, ila alikuwa amempoteza dada yake.

Nikatoka nikaenda kaburini, wote wakanifuata. Kwetu mtu akitaka kuaminiwa kabisa analamba udongo wa kaburi na kutaja jina. Nilichota, nikalamba. Nikasema, "Kama mkono wangu ndio uliomuua Restuta na mwanawe, udongo huu unimalize na mimi."

Nilisema kwa sauti, kifua mbele. Nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

Masika yakapita, sikufa. Kiangazi kikapita, sikufa. Wakaamini.

Lakini kifo cha namna ile lazima kipate mwenyewe. Kilipotoka kwangu kikaenda kwa Mzee Lazaro. Anaishi peke yake, karibu na mashimo, mikono inatetemeka, hana mke. Mwishowe watu walichoma kibanda chake mchana kweupe. Nilimuona anapita barabara ya mgodi na kisanduku kichwani. Aliniangalia. Mimi niliingia ndani.

Nilikuwa naogopa kwamba nikimtetea kitarudi kwangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Ikapita kama miaka miwili. Serikali ikatuma mtu kuangalia migodi ya zamani, tulimwita bwana madini. Kijana mpole, ana nyundo ndogo na mifuko ya kutilia udongo. Alipita kwetu kuomba maji ya kunywa. Nikampa ya kisimani, akanywa, halafu akagusa ukuta.

Akaniuliza mchanga huu mmeutoa wapi. Nikamwambia kwa majivuno, maana sifa yangu ilikuwa bado ipo: kilimani, mchwa hawaugusi.

Hakusifu. Aliuliza kama kuna watoto humu. Aliuliza kama kuna mtu anakula udongo.

Nikageuka nikaangalia mlango wa chumba cha wageni.

Alinieleza taratibu. Jiwe la dhahabu la pale linakaa pamoja na sumu, vimeungana tangu vilipoumbwa. Likiwa jiwe zima chini ya ardhi halina shida. Wakilisaga, dhahabu inatoka, sumu inabaki kwenye unga. Akaniambia ni ile ile waliyokuwa wanaweka kwenye majosho ya zamani kuua kupe, ndiyo maana mchwa wanakimbia. Akasema bwawa nalo ni hivyo hivyo. Akaniambia tubandue siriba yote, tuizike mbali, tusinywe maji ya kijito. Akaandika kwenye daftari lake, akasema ataleta taarifa.

Hakurudi. Simlaumu, labda daftari lilifika mahali likawekwa chini ya madaftari mengine.

Nilijaribu kuwaambia wanawake wawili niliowafundisha mimi mwenyewe. Mmoja aliniuliza, sasa mchwa tutawafanyaje, tulale njaa tena? Mwingine alisema unataka tubomoe nyumba kwa maneno ya mtu wa kupita. Sikubishana nao sana. Ningeeleza vizuri ningelazimika kumtaja Restuta.

Nyumbani nilibandua chumba kile kisirisiri, nikasema kimepata ufa. Sikumwambia Sebastiani. Sikumwambia mtu. Baadaye mimba za pale kijijini ziliharibika, nyingine za kwangu. Sikujaliwa mtoto. Viganja vyangu mpaka leo vina zile punje za ulezi.

Mama mkwe ndiye aliyenimaliza, na alinimaliza kwa wema. Tangu nilipolamba udongo akawa ananipenda kuliko wanawe. Ananiwekea nyama, ananitetea nisipozaa, anawaambia wenzake huyu nilimzushia, Mungu anisamehe. Alipougua mwisho wake alinishika mkono, huu wenye vipele. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita muuaji."

Wakuu, nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama."

Akafa ameridhika.

Sebastiani naye alishatangulia. Mzee Lazaro sijui alizikwa wapi. Nilipita pale miaka kadhaa iliyopita, kijiji kimetawanyika, nyumba zote zimeanguka zikawa vifusi. Isipokuwa ukuta mmoja wa nyumba yetu, ule wa nje, umesimama wima. Mawimbi ya vidole vyangu yanaonekana yote. Kilima kipo, mashimo yapo wazi, bwawa lipo na maji yake maangavu. Na kulikuwa na alama za matairi ya malori, watu wanachota.

Yule kijana wa picha nilimpigia simu nikamwambia kila kitu nilichoweza. Nilikuwa najua mke wake ana mimba. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema bibi hayo ni mambo ya zamani, fundi ameshamaliza, na mbona wewe umeishi mpaka leo?

Hilo la mwisho nalijua. Ndilo lile lile lililowafanya waniamini kule kaburini.

Somo mnalotaka ni hili: kitu ambacho mdudu anakikataa na nyasi zinakikataa, jiulize kabla hujakisifia. Mimi sikujiuliza, nilikuwa nasifiwa. Na kama uko Mpanda au popote penye mgodi wa zamani, na fundi wako anakuletea mchanga wa kijivu laini kwa bei rahisi, mwambie arudi nao.

Kama kuna mtaalamu humu anajua mahali pa kupeleka udongo ukapimwa, anielekeze, nitasafiri mwenyewe nikiwa na mfuko. Kama kuna mtu wa ukoo wa Mzee Lazaro, yule kibarua wa mgodi, naomba aniandikie.

Wengine semeni mnachotaka, nitukaneni pia, nitasoma zote. Ila nawaomba kitu kimoja. Msiniambie nijisamehe. Neno hilo nilishalitoa mara moja, kwa mama mkwe ambaye hakuwa na kosa, na lilikuwa lake yeye kunipa mimi.